Wangari Maathai, Mama Aliyeomba Kura kwa Ajili ya Miti

Ndugu washirika, ukisimama hapa Manyamanyama wakati wa kiangazi na kutazama vilima vya Balili, utaona mawe mengi kuliko majani. Sisi wenye umri wa zaidi ya miaka sitini twakumbuka kuni zikiokotwa karibu na nyumba. Siku hizi mama hana budi kwenda mbali, ama kununua mkaa wa kopo kwa bei inayopanda kila mwaka. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwasimulia maisha ya mama mmoja wa nchi jirani, marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya.

Wengi wenu mmesikia kwamba alipanda miti na kwamba alipewa Tuzo ya Amani ya Nobeli. Wachache wanajua kwamba mama huyu aligombea uongozi mara nne, akashinda mara moja tu, na kwamba alianzisha chama kidogo cha siasa kilichobeba jina la mazingira. Ni habari hiyo ya kugombea ndiyo tunayotaka kuieleza hasa. Sababu yetu mtaiona mwishoni.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili, 1940, katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri, mahali ambapo mtu huutazama Mlima Kenya kila asubuhi. Wazazi wake walikuwa wakulima. Karibu na nyumbani kwao palikuwa na mkuyu mkubwa, ambao Wakikuyu huuita mugumo, na chini yake kijito cha maji safi. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule, kwa kuwa wazee waliuhesabu kuwa mti wa Mungu. Basi mtoto akawa akienda pale kuteka maji na kuchezea mayai ya vyura yaliyong'aa kama shanga. Sisi wa Mara hatuoni ajabu katika habari hiyo, maana hata Wazanaki wa Butiama waliutunza msitu wao wa Muhunda kwa heshima ya namna hiyo.

Katika siku zile wasichana wachache sana walipelekwa shule. Kaka yake ndiye aliyeuliza nyumbani kwa nini Wangari naye asisome, na mama yao akakubali. Hebu tufikiri, ndugu: swali moja la mtoto, na jibu moja la mama asiyejua kusoma, yalifungua njia yote iliyofuata. Msichana alisoma Ihithe, kisha shule ya masista wa Kikatoliki huko Mathari, na baadaye sekondari ya Loreto, Limuru. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani kwa ndege kusoma. Alipata shahada ya sayansi mwaka 1964 katika chuo cha masista wa Kibenedikto mjini Atchison, jimbo la Kansas, kisha shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Aliporudi Nairobi alifundisha elimu ya viungo vya wanyama katika idara ya utabibu wa mifugo. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari, akiwa mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kufikia daraja hilo. Baadaye aliongoza idara yake na kufanywa profesa mshiriki. Kama angetaka kukaa kimya na kula mshahara wake, nani angemlaumu?

Lakini kazi ilimpeleka vijijini kuchunguza kupe na magonjwa ya ng'ombe, na huko akaona mambo mengine. Ng'ombe walikuwa wamekonda kwa kukosa majani. Mito ilibeba udongo mwekundu wakati wa mvua. Wanawake walimweleza kwamba hawana kuni, kwamba maji yako mbali, kwamba watoto wao wanalishwa vyakula vinavyoiva upesi kwa sababu hakuna moto wa kupikia chakula cha kushibisha. Naye aliporudi kwao Ihithe aliukuta ule mugumo umekatwa ili kupanda mazao ya kuuza, na kijito kimekauka. Hapo akaelewa kwamba wazee, kwa kumheshimu Mungu, walikuwa pia wakiyalinda maji. Mizizi ya mti ule ilishuka chini hata kufikia maji ya ardhini, na kuyapa njia ya kupanda juu.

Tarehe 5 Juni, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari pamoja na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa shirika lijulikanalo kama Green Belt, yaani mkanda wa kijani. Kwanza walichukua miche kwa mabwana misitu. Maombi yalipozidi, wanawake wakaamua kuotesha wenyewe. Wataalamu walicheka, wakisema kazi hiyo yataka watu wenye vyeti. Wangari aliwaambia akina mama watumie akili ile ile wanayotumia kupanda mahindi na maharage. Wakaotesha mbegu katika vyungu vilivyovunjika na makopo ya zamani, wakayaweka juu mbuzi na kuku wasiyafikie. Kwa kila mche uliopandwa na kushika, mama alilipwa fedha kidogo. Angalieni hekima yake: malipo hayakuwa ya kupanda, bali ya mti uliokuwa hai. Sisi tuliofundisha shule twajua ni miti mingapi ilipandwa siku ya sherehe, ikafa kabla picha hazijasafishwa. Miti ya akina mama wa Kenya ilifika milioni 30 kabla ya mwaka 2004, na leo yahesabiwa kuwa zaidi ya milioni 50.

Basi kwa nini mtu wa miche akaingia katika siasa? Ni kwa sababu mti hupandwa na mwananchi, lakini ardhi hugawanywa na wenye mamlaka. Akina mama waweza kufanya kazi miaka kumi, na kalamu moja ofisini ikaufuta msitu kwa siku moja. Wangari aliliona jambo hilo mapema.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1982. Kiti cha ubunge kilikuwa wazi huko kwao Nyeri, naye akataka kukigombea. Sheria ilimtaka aache kwanza kazi yake Chuo Kikuu. Akaandika barua ya kujiuzulu, baada ya miaka kumi na sita ya utumishi. Mara akaambiwa hana haki ya kugombea, kwa kuwa hakujiandikisha kupiga kura katika uchaguzi wa 1979. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Akarudi Chuo Kikuu kuomba kazi yake, akakuta nafasi imekwisha kupewa mtu mwingine. Halafu akatakiwa kutoka katika nyumba ya chuo. Kumbukeni kwamba wakati huo alikuwa na watoto watatu, na mumewe alikuwa amekwisha kumtaliki, katika kesi iliyomfanya alale gerezani siku tatu kwa kumsema hakimu. Mama huyu sasa alikuwa hana kazi, hana mshahara, hana kiti. Wengi wangesema amejitakia. Yeye alihamia katika kijumba alichokuwa amekinunua zamani, akayatia nguvu zake zote katika miche. Twaweza kusema kwamba kule kufukuzwa ndiko kulikoifanya kazi ya miti kuwa kubwa.

Mwaka 1989 ikasikika kwamba jengo la ghorofa 60 lingejengwa katika Uhuru Park, bustani ambayo watu wa Nairobi wasio na bustani zao hupumzikia siku ya Jumapili. Wangari aliandika barua kwa wakubwa wa serikali na kwa waliotarajiwa kutoa fedha nchi za nje, akiuliza kama wao wangekubali jengo la namna hiyo katikati ya bustani za miji yao mikuu. Bungeni alitukanwa, na shirika lake likaondolewa ofisini kwa muda mfupi. Hata hivyo wenye fedha walirudi nyuma, jengo halikujengwa, na bustani iko hadi leo.

Lililofuata lagusa nyumba yetu ya Kianglikana, nasi hatuna budi kulieleza. Mwaka 1992 akina mama ambao wana wao walifungwa kwa sababu ya siasa walikwenda Uhuru Park, wakafunga kula, wakidai watoto wao waachiliwe. Wangari alikaa pamoja nao. Tarehe 3 Machi askari walikuja na marungu na moshi wa machozi. Wangari alipigwa hata akazimia, akapelekwa hospitali. Baadhi ya wale akina mama, wakongwe kwa umri, walivua nguo zao mbele ya askari. Kwa desturi zetu za Kiafrika, nanyi mnajua, hakuna laana kubwa kuliko hiyo. Walipofukuzwa bustanini, walikimbilia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, lililo karibu na hapo. Kanisa liliwafungulia mlango. Walikaa ndani yake karibu mwaka mzima, askari wakilizunguka jengo, hata mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote walipokuwa wameachiliwa. Wangari alikuwa Mkatoliki, na kati ya akina mama wale walikuwamo wa madhehebu mbalimbali, lakini siku ile hakuna aliyeulizwa cheti cha ubatizo.

Mara ya pili aligombea mwaka 1997. Safari hii aliomba urais na pia ubunge wa jimbo la Tetu, kwa chama kidogo kilichoitwa Liberal. Hakuwa na magari wala fedha za kugawa. Siku chache kabla ya kupiga kura ilienezwa habari kwamba amejitoa, jambo ambalo halikuwa kweli. Kura zake za urais zilikuwa chache mno, na ubunge pia akaukosa. Watu wengine wakishindwa namna hiyo hujificha nyumbani. Yeye muda mfupi baadaye alikuwa katika msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi, ambao vipande vyake viligawiwa watu kwa siri ili wajenge nyumba za fahari. Tarehe 8 Januari, 1999, alipokwenda kupanda mche pale, walinzi waliokodiwa wakawashambulia yeye na wenzake kwa marungu na mapanga. Alipasuka kichwa. Akiwa kituo cha polisi aliitia sahihi taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Msitu wa Karura bado umesimama, na wananchi huingia humo kutembea na kupumua.

Mara ya tatu ndipo mambo yakageuka. Desemba 2002 vyama vya upinzani viliungana katika NARC, na Wangari akachaguliwa mbunge wa Tetu kwa asilimia 98 ya kura. Januari 2003 aliteuliwa naibu waziri wa mazingira na maliasili. Mtu aliyekuwa akipigwa kwa ajili ya misitu akaketi katika wizara ya misitu! Wapo wanaopata cheo wakasahau walikotoka. Yeye katika mwaka huo huo wa 2003 alianzisha chama kilichoitwa Mazingira.

Yafaa tueleze kidogo habari ya vyama vya namna hii. Huko duniani vilianza mwaka 1972, katika kisiwa cha Tasmania kilicho chini ya Australia, na katika New Zealand. Nchini Ujerumani chama cha Kijani kilianzishwa mwaka 1980 na kuingia bungeni mwaka 1983. Karibu vyote huanza vikiwa vidogo, na vingi hubaki vidogo. Shabaha yao ni kumpa mwananchi nafasi ya kumchagua mtu ambaye maji, misitu na ardhi ndiyo mambo yake ya kwanza, wala si ya mwisho baada ya kila kitu kingine. Wangari alitaka nafasi hiyo ipatikane Kenya nayo, na chama chake kikajiunga na umoja wa vyama vya Kijani vya Afrika na vya ulimwengu.

Tarehe 8 Oktoba, 2004, akiwa safarini kuelekea jimboni kwake, alipigiwa simu kutoka Norway kwamba amepewa Tuzo ya Amani ya Nobeli. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Waandishi walipomkimbilia walimkuta Nyeri akichimba shimo. Alipanda mti pale pale, akiutazama Mlima Kenya. Wengine waliuliza miti ina uhusiano gani na amani. Sisi wa Mara, tulioona wakulima na wafugaji wakigombania malisho na visima, hatuna haja ya kuelezwa.

Mara ya nne ilikuwa Desemba 2007. Chama kikubwa kilichompendeza kilifanya uteuzi wake, naye akaangushwa. Akasimama Tetu kwa tiketi ya chama chake kidogo. Watu wale wale waliompa asilimia 98 miaka mitano kabla, sasa walimpa mwingine. Chama cha Mazingira kilipata kiti kimoja tu katika bunge zima. Kwa hiyo mama mwenye tuzo kubwa kuliko zote za ulimwengu alirudishwa nyumbani na majirani zake. Hakuwalaani. Baada ya uchaguzi ule Kenya ilipoingia katika mauaji, alisimama kudai kura za urais zihesabiwe upya na kuwasihi watu watafute amani. Halafu akaendelea na miche. Agosti 2010 aliishi kuona katiba mpya ya Kenya ikitamka kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi, na kwamba nchi ijitahidi kuwa na miti katika asilimia 10 ya ardhi yake. Hayo hakuyaandika peke yake, lakini mbegu zake zimo.

Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba, 2011, kwa ugonjwa wa kansa, akiwa na umri wa miaka 71. Alikuwa ameagiza kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Basi wakamtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji. Ndugu zetu wavuvi, magugumaji ni yale yale yanayofunga mitumbwi yenu katika ziwa letu. Kitu tunachokilaani kila siku kilisukwa kwa ustadi kikambeba shujaa, katika mazishi ya kitaifa, tarehe 8 Oktoba, 2011.

Sasa tuwaeleze sababu yetu. Miaka kadhaa iliyopita, mara tu baada ya kustaafu, majirani watatu walikuja nyumbani kwetu jioni. Mmoja alikuwa wa chama kidogo, wawili hawakuwa na chama. Palikuwa na kijishamba cha miti karibu na chemchemi tuliyokuwa tukiteka maji, na ilisikika kwamba kitakatwa viwanja. Walitaka tuchukue fomu tugombee uenyekiti, ili pawe na mtu wa kuuliza maswali kikaoni. Tuliwapa chai, tukawaambia kwamba kazi ya mwalimu ni chaki, siasa ni matope, na tena chama chenyewe hakiwezi kushinda. Tulijiona tumesema kwa busara. Wakaaga kwa heshima, wakaenda zao.

Labda tungeshindwa kweli. Labda tungepata kura ishirini. Lakini mtu anayegombea husikika kwa majuma kadhaa, na swali lililoulizwa mbele ya watu halifichiki tena. Sisi hatukuuliza. Miti ilikatwa, viwanja vikapimwa, na chemchemi ile leo ina maji wakati wa masika tu. Kila tupitapo pale na kuona akina mama na ndoo zao, twakumbuka chai ile.

Hatuandiki haya ili kumpigia debe mtu yeyote wala chama chochote. Kila mshirika ana dhamiri yake. Twasema tu kwamba Wangari aliporudi mikono mitupu mwaka 1982, na 1997, na 2007, hakuwa amepoteza kazi bure. Bustani ipo, Karura ipo, na miti ya akina mama ipo. Sisi ambao hatukushindwa hata mara moja, kwa sababu hatukujaribu, hatuna cha kuonyesha.

Mvua za vuli zikianza, pale kwetu pana miche ya mikuyu na misesewe katika makopo ya zamani. Anayetaka aje achukue, bure. Sharti ni moja: baada ya mwaka tutakuja kuutazama kama u hai. Na majirani wale watatu wakipenda kuja tena jioni moja, chai ipo, na jibu letu litakuwa jingine.